LIKIZO YA APRILI: TUTOKE NA WATOTO, TUWAFUNDISHE KUSHINDWA NA KUINUKA



Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili, watoto wanarudi nyumbani na ripoti. Kuna nyumba ambazo ripoti hiyo inasomwa kwa furaha. Kuna nyumba nyingine ambazo mtoto anaificha chini ya godoro, au anasema ati mwalimu hajazitoa. Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya huyo mtoto wa pili.

Tuseme ukweli. Mtoto anayeficha ripoti si kwamba amekosa adabu tu. Amejifunza mahali fulani kwamba kushindwa ni jambo la kufichwa. Na asipofundishwa vingine, ataendelea hivyo hivyo akiwa mtu mzima. Ninyi wanachama wa vikundi mnamjua. Ndiye yule anayechukua mkopo wa kufuga kuku, kideri kinaingia, kuku wanakufa. Badala ya kuja mkutanoni na kusema, "Jamani, kuku wamekwisha, tuketi tuone nitalipaje," anaacha kuja. Simu anazima. Akimwona mweka hazina njiani anakata kona. Deni lenyewe lingepangwa upya, likalipwa pole pole. Kinachovunja kikundi ni kule kujificha.

Basi somo hili si la watoto peke yao. Ni la kikundi chetu cha miaka 20 ijayo. Na mahali pazuri pa kulianzia ni matembezi ya familia wakati huu wa likizo, mvua ndefu ikinyesha na shamba likichipuka.

KWA NINI MATEMBEZI?

Wengine watasema, "Matembezi ni ya watu wa mjini wenye pesa." Hapana. Hatusemi mkodi matatu kwenda Mombasa. Kutembea hadi kwa nyanya ng'ambo ya kilima ni matembezi. Kwenda kuona chemchemi ambapo mto wenu unaanzia ni matembezi. Kutembelea kitalu cha miche cha kikundi jirani, au shamba la mwanachama anayefuga nyuki, ni matembezi. Mnabeba viazi vitamu, chupa ya chai na maji ya kunywa, mnatoka asubuhi, mnarudi kabla ya mvua ya jioni.

Faida yake kwa somo letu ni tatu:

1. Matembezini hakuna alama. Shuleni mtoto akishindwa anapewa nambari, na darasa zima linajua. Njiani, akikosea, hakuna wa kuandika.

2. Kazi yenyewe ndiyo inayomwambia mtoto kwamba amekosea. Kuni mbichi haziwaki, hata ukiwa mtoto wa mwenyekiti. Hakuna wa kulaumu kwa upendeleo.

3. Mzazi yuko karibu na hana haraka. Siku za kazi tunawasikiliza watoto tukiwa tumeinama tunapalilia, au tukikimbilia soko. Siku ya matembezi tunatembea bega kwa bega, na mtoto husema njiani mambo ambayo hangeyasema akiwa amesimamishwa mbele ya meza.

KOSA DOGO NA KOSA KUBWA

Kabla ya kutoka, lazima mzazi ajue tofauti hii. Kuna makosa ya kumwachia mtoto na kuna makosa ambayo hata siku moja hatumwachii.

Kosa dogo ni lile ambalo hasara yake inaonekana upesi, inaumiza kidogo, na inaweza kurekebishwa. Kusahau chumvi. Kupotea njia nusu kilomita mkiwa pamoja. Kumwaga uji. Kununua mandazi yaliyolala kwa sababu hakuyaangalia vizuri.

Kosa kubwa ni lile lisilorudi nyuma. Hapa mtu mzima ndiye mwenye kushika usukani. Kuvuka mto uliofurika si somo la mtoto. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 katika nchi yetu. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa juu kidogo tu ya kifundo cha mguu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Mkikuta mto umejaa, rudini. Ngurumo zikianza, ingieni nyumbani kwa watu, msikae chini ya mti. Moto, panga, dawa na mtoto mchanga pia vibaki chini ya macho ya mkubwa.

Wazazi wengi tunapindua mambo haya. Tunamwacha mtoto aende mtoni peke yake na madebe, lakini tunamnyang'anya mwiko ati ataunguza ugali. Ugali ulioungua waliwa. Mwacheni aunguze.

MPE KILA MTOTO KAZI YA KWELI

Mtoto hawezi kujifunza kutokana na kosa kama hakupewa kitu cha kukosea. Kwa hivyo, siku moja kabla ya safari, keti na watoto mgawane kazi. Mmoja ahesabu watu na kuorodhesha chakula. Mwingine ashike pesa za kununua ndizi njiani na kurudisha chenji. Mwingine aongoze njia. Mwingine alete chumvi, vikombe na kisu. Mtoto wa miaka 5 naye apewe yake, hata kama ni kubeba kitambaa cha kupangusa mikono.

Sasa hapa ndipo pagumu. Aliyepewa chumvi akiisahau, msiwe mmebeba nyingine kwa siri. Mkibeba ya akiba, mtoto atajua kwamba kazi yake ilikuwa ya mchezo. Kuleni mayai bila chumvi siku hiyo. Hakuna aliyekufa kwa kula yai bila chumvi. Mtoto huyo, safari ijayo, ataangalia mfuko mara mbili kabla ya kutoka.

Lakini msimcheke. Na msimpe jina. Familia ikianza kumwita "Bwana Chumvi" mwaka mzima, somo limeharibika. Atakachokumbuka ni aibu, si chumvi.

SOMO LA MIKEBE MITATU

Hili ni zoezi ambalo familia yoyote inaweza kulifanya, na linafaa sana kwa msimu huu wa kupanda. Lianze siku ya matembezi kwa kuchota udongo mzuri huko mwendako, kwa ruhusa ya mwenye shamba.

Tafuta mikebe mitatu mikubwa ya mafuta ya kupikia. Mwambie mtoto achague mbegu 30 za maharagwe, 10 kwa kila mkebe.

Mkebe wa kwanza: toboa matundu kitakoni. Panda mbegu kina cha sentimita 4 hivi. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope.

Mkebe wa pili: usitoboe. Panda kina kile kile, kisha mtoto atie maji hadi yasimame juu, na aendelee hivyo kila siku.

Mkebe wa tatu: toboa matundu, lakini mbegu zilale chini kabisa, karibu na kitako, zifunikwe na udongo wote.

Kabla ya kuanza kungoja, muulize mtoto: ni mkebe gani utaota zaidi? Aandike jibu lake kwenye daftari. Baada ya wiki moja hivi, au zaidi kidogo kule kwenye baridi ya milimani, hesabuni.

Mkebe wa kwanza kwa kawaida utaota vizuri. Wa pili mbegu nyingi zitaoza, kwa sababu mbegu nayo inahitaji hewa, na maji yaliyosimama yanaifungia. Wa tatu, mbegu zitajaribu kupanda juu, lakini chakula kilicho ndani ya mbegu kinaweza kwisha kabla hazijaona jua. Fukueni mbegu zilizoshindwa, mziangalie. Hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Kila mbegu iliyokufa ina sababu yake, na sababu hiyo inaonekana kwa macho.

Mtoto akielewa hivyo kwa maharagwe, ni rahisi kumwambia baadaye: "Hata hesabu uliyokosa ina sababu. Hebu tuifukue tuione."

MTOTO AKIKOSEA, TUSEME NINI?

Tuchukue mfano. Kijana wa miaka 11 amepewa kuongoza njia ya kwenda kwa nyanya. Amepita njia panda, amewafikisha kwenye ua la mtu. Mbwa wanabweka. Kuna mama wa aina mbili.

Mama wa kwanza: "Si nilijua! Wewe huwa huangalii. Dada yako hangefanya hivi. Toka hapo mbele."

Mama wa pili: "Haya, hapa si kwa nyanya. Umeona nini kilichokuonyesha kwamba tumepotea?"

"Hatujapita ile posho mill, mama."

"Mara ya mwisho ulikuwa na hakika ya njia ni wapi?"

"Pale kwa mti wa mwembe."

"Basi tufanyeje?"

"Turudi hadi mwembe, halafu tuulize."

"Sawa. Tangulia."

Angalieni huyu mama wa pili. Hakumdanganya mtoto kwamba hakuna kosa. Kupotea ni kupotea. Wala hakumwonyesha njia, ingawa aliijua. Tena hakumwondoa mbele. Tukifupisha, alifanya mambo manne ambayo kila mzazi anaweza kuyashika:

1. NYAMAZA KWANZA. Vuta pumzi. Neno la kwanza la hasira ndilo mtoto hukumbuka.

2. ULIZA, USIHUKUMU. "Nini kimetokea?" ni bora kuliko "Kwa nini wewe uko hivi?" Swali la kwanza ni juu ya kazi. La pili ni juu ya mtu.

3. MRUDISHIE KAZI. Mwache arekebishe mwenyewe, hata kama itachukua nusu saa zaidi.

4. SIFU ALICHOFANYA, SI ALIVYO. Sema, "Nimeona ulivyorudi ukauliza njia," si "Wewe una akili sana."

Hilo la nne linashangaza wengi. Kwani kumsifu mtoto akili kuna ubaya gani? Watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walilichunguza na kutoa matokeo yao mwaka wa 1998. Waliwapa watoto wa darasa la tano mafumbo ya kufumbua. Walipofaulu, wengine wakaambiwa, "Una akili," na wengine wakaambiwa, "Lazima ulijitahidi." Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa. Mwishoni wakapewa tena mafumbo rahisi kama ya kwanza. Wale waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko walivyoanza. Waliosifiwa bidii walifanya vizuri zaidi.

Kuna jambo jingine lililoonekana. Watoto waliombwa kumwandikia mwanafunzi wa shule nyingine alama walizopata. Katika wale waliosifiwa akili, zaidi ya theluthi moja waliongeza alama zao kwa uongo. Katika wale waliosifiwa bidii, ilikuwa karibu mmoja kati ya wanane. Mmeona? Mtoto aliyeambiwa kila siku kwamba yeye ni bingwa anaogopa kupoteza jina hilo. Huyo naye ataficha ripoti, sawa na yule anayeogopa kiboko.

WALIOSHINDWA WAKAENDELEA

Watoto wanapenda kusikia habari za watu wakubwa. Mkiwa mmepumzika chini ya mti na mvua haipo, wasimulieni hizi mbili.

Profesa Wangari Maathai alijaribu kuanzisha biashara ya miche katikati ya miaka ya 1970, haikufaulu. Hakuacha. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti 7 katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Hata hiyo, si yote iliyoishi. Lakini kazi ikaendelea kupitia vikundi vya akina mama kama vyenu, wakijifunza wenyewe kukusanya mbegu na kutunza vitalu, hadi makumi ya mamilioni ya miti ikapandwa. Mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Eliud Kipchoge alikuwa tayari bingwa wa dunia wa mita 5,000 tangu 2003. Mwaka wa 2012 alishindwa kuingia katika timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata akahamia marathoni. Akashinda dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 2016 kule Rio, na tena mwaka wa 2021 kule Japani. Mlango wa mbio za uwanjani ulipofungwa, alikubali umefungwa, akatafuta barabara.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini tusiwaambie watoto kwamba kila anayeshindwa atakuwa Kipchoge. Huo si ukweli. Tuwaambie kwamba kila anayeshindwa ana jambo la kufanya kesho yake.

SASA TURUDI KWENYE RIPOTI

Mtoto aliyezoea mambo haya matembezini ataweza kuleta ripoti mbaya mezani. Nasi tuwe tayari kuipokea.

Wengi wetu tulikulia katika KCPE. Mtihani ule ulianza mwaka wa 1985 na ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Siku moja iliamua mengi, na aliyeanguka mara nyingi aliitwa mjinga maisha yake yote. Wako wasichana walioozwa kwa sababu ya alama hizo, na wavulana waliokimbilia mjini. Siku hizi watoto hupimwa katika gredi ya 6 na gredi ya 9, na kazi za darasani nazo huhesabiwa. Kundi la kwanza la gredi ya 9 lilifanya mtihani wa KJSEA mwaka wa 2025. Mfumo umebadilika. Lakini kama nyumbani bado tunaisoma ripoti kama hukumu ya mahakama, kwa mtoto hakuna kilichobadilika.

Kuna wanaosema samaki mkunje angali mbichi, wakimaanisha kiboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi shuleni. Nyumbani nako tujiulize: kiboko kimefundisha hesabu gani? Kinachofundishwa ni kuficha.

Badala yake, tufukue mbegu. Mtoto akishindwa, sababu zaweza kuwa hizi:

- Hajui bado. Alikosa siku nyingi, au somo lilimpita. Dawa yake ni kurudia pole pole, hata na mtoto mwenzake anayejua.

- Hakufanya kazi. Dawa yake ni ratiba na usimamizi, na pengine sisi kumpunguzia kazi za jioni.

- Kuna kitu kinamzuia. Je, anaona ubao? Anasikia? Anakula kabla ya kwenda shule? Anaugua mara kwa mara? Kuna anayemtesa njiani? Mtoto anayekunja macho akitazama mbali, au anayeuliza "ati?" kila mara, apelekwe hospitalini akapimwe. Wako watoto wanaoitwa wajinga kumbe hawaoni ubao.

Sababu hizi tatu hazina dawa moja. Ndiyo maana kupiga au kutukana kabla ya kuuliza ni kama kunyunyiza dawa shambani bila kujua ni mdudu gani.

MZAZI NAYE ASEME

Jambo la mwisho. Watoto hutazama zaidi kuliko wanavyosikiliza. Baba akipoteza pesa katika mboga zilizooza sokoni, halafu anyamaze na kumkaripia kila mtu, watoto wamejifunza. Akiketi jioni na kusema, "Leo nilinunua nyingi kupita kiasi, kesho nitachukua nusu," pia wamejifunza. Hilo halimpunguzii heshima. Linaiongeza.

KWA KIKUNDI CHENU

Tunawashauri mpange siku moja ya familia kabla shule kufunguliwa. Kila nyumba ilete chakula chake, mkutane mahali pamoja, na kazi zote zisizo za hatari zigawiwe watoto. Jioni, kila mtoto aseme jambo moja lililomshinda na jambo moja atakalofanya tofauti. Kisha watu wazima wawili, hasa viongozi, waseme yao mbele ya watoto.

Mkutano ujao, zungumzeni maswali haya:

1. Katika nyumba zetu, mtoto akivunja kikombe anakimbilia kwa nani, au anakimbilia wapi?

2. Ni kazi gani tunazowanyima watoto kwa kuogopa hasara ndogo? Ni zipi tunawaachia ingawa ni za hatari?

3. Mwanachama wetu akishindwa kulipa mkopo, je, tunampokea kwa namna ambayo itamfanya aseme mapema, au tunamfundisha kujificha?

Swali la tatu msiliruke. Watoto wetu wanaketi nyuma ya mkutano wakicheza, nasi twadhani hawasikii. Wanasikia. Wanajua tunavyomtendea aliyeanguka, na hapo ndipo wanapoamua kama ripoti italetwa mezani au italala chini ya godoro.